Bomba Nililolielekeza Kwenye Tulasi

Ufundi wa mashine za baridi na joto niliupatia Maskati, juu ya mapaa. Mjomba wangu alinichukua kutoka Unguja mwishoni mwa miaka ya themanini, na kwa miaka minane kazi yangu ikawa kupandisha mashine juu ya nyumba kongwe za Matrah, mtaa wa zamani wa bandarini. Tulikuwa tukiziita pakeji. Ni sanduku moja la bati, kubwa kama kabati la nguo lililolazwa, na ndani yake mna kila kitu, cha kupoza na cha kupasha moto. Unalikalisha juu ya paa, unatoboa ukuta, unaunga njia za hewa, unawasha. Watu hudhani kazi ni sanduku. Kazi ni nyumba. Ukuta wa mawe na udongo uliojengwa na mtu aliyekwisha kufa zamani haukuambii una nini ndani mpaka drili imekwama.

Jambo moja nililolishika kule ni la maji. Mashine ikipoza hutoka jasho, na jasho hilo hujaza ndoo kwa siku. Katika mji wa jangwani maji hayamwagwi ovyo. Kabla hujakusanya vyombo vyako, mama mwenye nyumba atapanda ngazi akuulize maji yale yanakwenda wapi, na ole wako umjibu kwamba yanakwenda njiani. Tulikuwa tukivuta bomba mpaka kwenye mndimu au chungu cha mrehani, yadondoke tone kwa tone, na mwenye nyumba akafurahi kuliko alivyoifurahia baridi yenyewe. Nikajiaminisha kwamba fundi asiyeuliza mti uko wapi ni nusu fundi.

London nilifika katikati ya miaka ya tisini, nikaajiriwa Wembley na Mhindi wa Nakuru aliyekuwa na kampuni ya watu watano. Kwa miaka mingi nilitengeneza majokofu ya maduka ya mithai na ya mikahawa. Majumbani hatukuitwa. Kwa watu wa kule joto ni mgeni wa siku mbili, na ya tatu huna haja ya kumpa jembe maana keshaondoka mwenyewe. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kikaja kiangazi kimoja ambacho mgeni huyo alikaa. Simu ya ofisini haikupumzika, na mimi ndiye pekee pale niliyewahi kufunga mashine kwenye nyumba ya mtu.

Ndipo nikapelekwa Kingsbury, kwa mama mmoja Mhindi, mjane, aliyepita miaka sabini. Alifungua mlango, nikamsalimu kwa Kiingereza. Akaitazama kofia yangu, akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Nilipomwambia Unguja akasema yeye wa Tanga, na kwamba naweza kuanza salamu upya. Nikaanza upya. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, maana changu kilikwisha kuchakaa kwa Kiarabu cha Maskati na Kiingereza cha Wembley.

Alikuwa amezirai chumbani kwa joto, na jirani ndiye aliyemkuta. Majira ya baridi kabla ya hapo boila lake la kupasha nyumba moto lilikufa, akapitisha wiki tatu na makoti mawili. Mwanawe, daktari wa meno aliyekuwa akiishi kusini ya mto, alisema basi, ahamie kwake. Wakavutana, wakafika mahali wakakubaliana. Itafungwa mashine ya kumpoza na kumpasha moto. Akiumaliza mwaka mzima, kiangazi na baridi, bila ya dhara lolote, atabaki nyumbani kwake. La sivyo, nyumba itafungwa na yeye atahama. Hayo alinieleza mwenyewe huku nikipima ukuta kwa pimamaji.

“Huko kwa mwanangu ni kuzuri,” alisema, “lakini simjui mtu. Hapa napanda basi moja nafika hekaluni Neasden, nashuka nanunua mboga kwa watu wanaonijua. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo funga vizuri, mwanangu.”

Nilifunga vizuri. Bosi aliagiza pakeji, na ilipoteremshwa garini nilifurahi kama niliyeonana na mtu tuliyesoma naye chuoni. Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, ya zamani kuliko mama mwenyewe, na ikanifundisha adabu siku ya kwanza. Nilitoboa mahali nilipodhani ni ukuta, kumbe ni dohani la kale lililozibwa kwa karatasi. Masizi ya miaka yote hiyo yakanishukia kichwani, na yaliyobaki yakaenda kwenye unga wake wa chapati. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilifagia jiko lile mara tatu.

Siku ya tatu sanduku lilikuwa limekaa kwenye vyuma vyake, ukuta wa nyuma, juu kidogo ya mlango wa jikoni. Ikabaki njia ya maji. Kanuni ilikuwa kulivuta bomba mpaka kwenye mtaro pembeni mwa nyumba. Lakini hapo hapo karibu na kidaraja cha kukanyagia mlangoni palikuwa na chungu juu ya kijiguzo cha saruji, na ndani yake tulasi, ule mrehani wao wa ibada. Kila asubuhi mama alitoka na kikopo cha shaba, akaumwagia maji, kisha akaelekea mashariki akalimwagia jua pia, liwe limeonekana au halikuonekana. Nikauona mrehani, mkono ukaenda wenyewe. Nililielekeza bomba kwenye chungu.

Mama alisimama akatazama tone la kwanza likianguka, akaniuliza nani aliyenifundisha adabu hiyo. Nikamwambia wanawake wa Matrah. Kiangazi chote ule mtulasi ulishiba, ukawa na majani mapana kama ya mchicha, na kila nilipopita kukagua mashine alinionyesha kama anayenionyesha mjukuu. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mzoea punda hapandi farasi. Mashine ile ikigeuzwa kupasha moto, jasho lake huhamia upande wa nje, na katika nchi ya unyevu kama ile hutoka jingi kuliko la kiangazi. Maskati moto tuliuwasha majuma machache tu kwa mwaka, katika hewa kavu, na sikuwahi kuona hata kikombe kimoja kikidondoka. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma katika kitabu cha mashine. Nilijua kwa macho, sikujua kwa mikono. Mwezi wa kumi mama aliingiza mtulasi wake ndani, kwenye dirisha la jikoni, kwa sababu baridi huuua. Kijiguzo kikabaki nje kitupu, na bomba langu likaendelea kukimwagia maji, maji yakashuka mpaka kwenye kidaraja cha mlango. Mimi nilikuwa sijapita kwake tangu siku za joto.

Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza alipiga simu ofisini akaniulizia mimi, akasema mashine inavuja, nije. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilimkuta ameketi jikoni, mkono wa kulia ameufunga kwa shali, uso umemsawijika. Nikafungua mlango wa nyuma. Kuanzia kijiguzo mpaka kidaraja palikuwa na barafu moja nene, laini, inang'aa, na kikopo cha shaba kimelala katikati yake. Sikuhitaji kuambiwa kwamba alitoka kulimwagia jua akateleza.

Nilimtia garini nikampeleka hospitali. Njiani nilikuwa nikiwaza mambo mawili, mkono wake na kazi yangu, na nasema kweli kwamba sijui lipi lilitangulia. Tulipokuwa tumesimama kwenye taa nyekundu akasema bila ya kunigeukia:

“Nitamwambia mwanangu maji nilimwaga mimi, kwa kikopo. Usije ukafukuzwa kazi.”

Nikasema, “Ahsante, mama.”

Alitazama dirishani mpaka tukafika.

Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo, karibu na kiganja. Mwanawe alikuja mbio na koti lake jeupe la kazini. Mama akamweleza kama alivyoahidi, kwamba mkono ulimtetemeka, maji yakamwagika, akateleza. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kitandani. Yule mtu akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumleta mama yake. Nikamwambia si kitu.

Jioni ile ile nilirudi Kingsbury, nikalikata bomba langu, nikafunga jingine pana, lililovishwa sponji, nikalishusha moja kwa moja mtaroni. Nikaipondaponda barafu kwa nyundo, nikaikusanya kwa koleo. Kazi nzuri, ungeipiga picha. Kisha nikanyamaza siku nne. Ofisini nilisema nimerekebisha bomba, na huo si uongo. Nyumbani mke wangu aliniuliza mbona sili, nikamwambia meno. Nilijidharau, lakini kila nikinyanyua simu naiona barua ya kufukuzwa, naiweka chini.

Siku ya tano nilikwenda kuangalia kama bomba jipya linateremsha maji. Mlango alinifungulia mwanawe. Ukumbini palikuwa na masanduku mawili ya nguo, na yeye alikuwa akifunga sahani katika magazeti. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono ukiwa ndani ya hogo jeupe la plasta, anatazama sahani zake zikizamishwa moja moja ndani ya boksi. Aliniitikia salamu tu.

Mwanawe alinieleza kwa Kiingereza, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulia peke yake. Alisema mashine haina kosa, na kazi yangu anaishukuru. Lakini mama anayetetemeka mkono akajimwagia maji mlangoni penye baridi, kesho atasahau jiko. Mapatano yalikuwa mwaka bila ya dhara, na dhara limetokea. Atamchukua jioni ile ile.

Nikasema, “Hakumwaga yeye. Yale maji ni ya mashine. Bomba nililiweka vibaya mimi.”

Nilimtoa nje nikamwonyesha kila kitu, kijiguzo, mkondo wa maji uliobaki umejichora kwenye saruji, na bomba la zamani lililokuwa bado limelala garini mwangu. Aliniuliza kwa nini sikusema hospitalini. Nikamwambia niliogopa. Alinitukana tusi moja fupi, nikaona nimestahiki mawili. Akaniambia nisiguse tena nyumba ile, kisha akaingia ndani akampigia bosi wangu simu. Nilipokuwa nikifungua mlango wa gari nilisikia kupitia dirishani sahani zikitolewa katika magazeti na kupangwa upya.

Bosi hakunifukuza. Alinisema mpaka koo likamkauka, akanirudisha kwenye majokofu. Majuto ni mjukuu, na wangu nilimbeba majira ya baridi yote.

Mwezi wa tano mama alipiga simu mwenyewe. Alisema mashine inataka kusafishwa chujio, na anamtaka fundi wa Unguja, mwanawe keshaarifiwa. Nilikwenda na moyo mzito. Mtulasi ulikuwa umerudi nje kwenye kijiguzo chake. Mkono ulikuwa umepona, umepinda kidogo tu. Alinipa chai ya tangawizi na kaimati, nikashindwa kuzila. Nikaweka kikombe chini nikamwomba radhi kwa lile bomba.

“Bomba nilikusamehe siku ile ile,” alisema. “Mtu mwema alitaka kuunywesha mti wangu. Lakini kule garini nilijitwika mzigo wako. Kwetu, na kwenu pia, mtu mzima akijitwika, mdogo wake humwambia, la, mama, acha nikutue. Wewe ukaniambia ahsante.”

Nilisema ni kweli.

“Siku nne nilikaa kwenye kiti kile,” akasema, “kila kengele ya mlango ikilia, nasema huyo, amekuja kunitua.”

Kisha akanisogezea sahani ya kaimati, akaniambia nile zisipoe.