Jumamosi Ni Fainali, na Fainali Yenyewe Haipo

Admin, jina langu libaki kwako, maana baba yangu anajulikana Kariakoo nzima na sitaki haya yamfikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Mimi ni binti wa miaka 26. Kazi yangu ni kubandika majina na namba kwenye jezi, nina meza yangu mbele ya duka la mjomba. Mpira naujua. Kwetu hata paka ana timu.

Nina mchumba, nitamwita Kipa kwa sababu ndiyo nafasi anayocheza. Anasomea uofisa kwenye chuo cha kijeshi nje kidogo ya jiji, na ni golikipa wa timu ya chuo. Mshenga wake alikuja nyumbani, barua ya posa ikajibiwa, ndoa ikapangwa akishahitimu. Mashindano yao ya majeshi yalipoanza akaniambia wachezaji hawatoki kambini mpaka msimu uishe, simu wanazikabidhi na kurudishiwa Jumamosi jioni tu, na mechi zinachezwa ndani, raia haruhusiwi. Nikaamini. Mambo ya jeshi nani anayauliza?

Wakati huo baba alikuwa ametoka kupata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Ujanani alikuwa kipa wa timu ya mtaa, lakini alipougua hata redio aliacha kusikiliza. Basi Jumamosi ya kwanza Kipa akapiga simu, nikaweka spika, akamsimulia baba mechi mwanzo mwisho. Baba akacheka. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Jumamosi baba anaogeshwa mapema, anavalishwa shati safi, anakaa karibu na simu. Mimi ndiye napokea kwa sababu vidole vyake havitii. Kipa akisema, "Baba, ikaja kona, nikaruka," baba naye ananyanyua ule mkono uliolala, kidogo kidogo, mpaka siku moja ukafika begani. Anayemfanyisha mazoezi kule hospitali, Upanga, akashangaa, akauliza tunampa nini. Mama akamjibu, "Mpira."

Tulishinda, tukatoka sare, kuna Jumamosi tulifungwa tatu na baba akakataa kula. Kipa akaumia kidole. Mama akamwombea kila swala, na mimi nikalia pale mezani kwangu mbele ya wateja. Kile kidole bado kinaniuma mimi mpaka leo.

Siku chache kabla ya nusu fainali alikuja dukani mwanajeshi mmoja mtu mzima, amevaa kiraia, ameleta oda ya jezi za chuo kilekile.

"Shikamoo afande."

"Marahaba binti."

Kwa kujiona mwenyeji nikamwambia nawaombea sana nusu fainali ya Jumamosi. Akanitazama. "Nusu fainali gani? Sisi tulitolewa kwenye makundi, mapema kabisa. Hizi ni za msimu ujao." Nikadhani ananitania, nikamtajia jina la Kipa, nikamuuliza si ndiye golikipa wenu? Akasema, "Ndiye. Kijana mzuri tu. Tangu tutolewe, kila Jumamosi anaomba ruhusa aende kwa mchumba wake Kigamboni. Hakosi."

Mimi nakaa Kariakoo. Kigamboni sina hata shangazi.

Nyumbani sikusema kitu. Jumamosi simu ikaita, tukacheza nusu fainali, tukashinda kwa penalti, baba machozi ya furaha yanamtoka. Nyuma ya sauti ya Kipa nikasikia honi ya pantoni, kile kivuko cha Kigamboni. Nilikuwa nimeisikia Jumamosi nyingi tu na kudhani ni lori la jeshi. Nikachukua simu, nikatoka nayo uani, nikamwambia, "Uko Kigamboni."

Hakukataa. Akasema huyo mwanamke wa Kigamboni ana mimba yake. "Nilipanga nikwambie msimu ukiisha," akasema. Msimu ambao ratiba anaipanga yeye mwenyewe. Ndipo nikaelewa kwa nini alipenda kuongea na baba. Mimi ningemuuliza maswali, baba alikuwa anasikiliza tu. Kisha akasema neno lililoniumiza kuliko hata hiyo mimba: "Mimi niache, una haki. Ila mzee niruhusu nimmalizie fainali. Usimkatili."

Eti mimi ndiye nisimkatili. Nikakata simu.

Nikamweleza mama, nikitegemea atasimama na mimi. Alilia kweli, akajifuta kwa kanga, halafu akasema, "Mwanangu, mwache amalize. Baba yako akishachukua kombe lake ndiyo tutajua la kusema." Tangu siku hiyo naongea naye ya chumvi na mkaa tu. Nimesalitiwa na mwanaume, hilo wengi limewapata. Lakini kuambiwa na mama yangu mzazi nimfungulie mlango tena, hilo sikulitegemea.

Jana baba akaniita. Akaniomba, neno moja moja, nimtengenezee jezi yenye jina la Kipa mgongoni, aivae Jumamosi. Nimeibandika kwa mikono yangu, na jina limekaa upande. Nilipomvalisha kuijaribu, akaunyanyua ule mkono mwenyewe, ukapita bega, ukafika juu ya kichwa. Haujawahi kufika hapo tangu augue. Akaniuliza, "Tunachukua?"

Nikamjibu, "Tunachukua, baba." Kwa hiyo na mimi sasa nimo kwenye uongo ule ule.

Ndugu zangu, msinitukane, nina hasira za kunitosha. Nikimwambia baba ukweli, naogopa ule mkono utashuka na usipande tena. Nikinyamaza, yule mwanaume ataumaliza msimu wake akipigiwa makofi nyumbani kwetu, na pembeni yake amekaa mwanamke mwingine. Jumamosi jioni simu itaita. Baba atakuwa ameshavaa jezi, ananitazama mimi, kwa sababu wa kupokea ni mimi. Nishaurini, nipokee?