Yai la Jumapili

Pasaka iliyopita, kanisani kwetu hapa Cedar Hill, Amerika, vijana walitawanya mayai ya plastiki kwenye nyasi, watoto wakaachiliwa wayatafute. Mimi sikuona yai linahusiana vipi na kaburi la Bwana Yesu. Nilipouliza nikaambiwa ndiyo desturi ya huku, nikaliacha hapo, maana huku ukiuliza kila kitu utaitwa mzee wa maswali. Mjukuu wangu alifungua lake, akala peremende iliyokuwamo, akalifunga tena vizuri na kuniwekea kiganjani. Kwa macho ni yai zima. Kwa mkono, hakuna kitu. Basi nikaliachia likaanguka nyasini, binti yangu akadhani sukari imeshuka, akanikalisha kivulini na kunipa maji ya machungwa. Binti yangu ni nesi. Kwake yeye mtu ana sukari au ana presha, jambo la tatu hakuna.

Haikuwa sukari. Yai jepesi namna ile nilikuwa nimelishika mara moja tu maishani, na lile nililitengeneza mimi mwenyewe.

Ngoja nikupeleke kwetu kwanza, ndipo utaelewa. Kwetu ni milimani Taita, juu kule ambako ukungu ulikuwa unaingia jikoni bila hodi. Mimi nililelewa na nyanya. Baba alikuwa kazini reli, mama akamfuata huko, mimi nikabaki na kuni, maji na mbuzi. Shule nilifika darasa la nne, nikaacha, na hilo nitakueleza siku nyingine kwa sababu lina hadithi yake na mwalimu hatoki vizuri. Kwa hiyo ukiona nimeandika vibaya, nisamehe, mkono huu ulizoea jembe.

Nyanya alikuwa ameokoka. Sisemi kuokoka kwa siku hizi, kwa vipaza sauti. Wale ndugu wa zamani walikuwa na neno lao, kuweka nuruni. Ukimkosea mtu hulali nalo. Unaenda mpaka kwake unasema, ndugu, nilikuonea wivu kwa maharagwe yako, nakuomba radhi. Na kama ulichukua kitu unakirudisha na ziada juu. Nilimwona nyanya akipanda mlima mzima na kikapu cha viazi, kwa sababu tu alikuwa amemsema vibaya mke wa mzee wa kanisa, tena moyoni, wala hakufungua mdomo. Yule mama hata hakujua alisemwa. Walicheka, wakakumbatiana, wakala viazi.

Sasa, kuku. Nyanya alikuwa na sheria kwamba kuku akitaga Jumapili, ametagia Bwana. Mayai ya siku nyingine yaliuzwa au kuatamiwa, na sisi watoto tuliambiwa mtoto akila yai atakuwa mwizi. Lile la Jumapili alilichora msalaba kwa mkaa, akaliweka kwenye kikapu kidogo juu ya ghala la mahindi, likangoja Jumapili inayofuata. Baada ya ibada kulikuwa na mnada nje ya kanisa, ndizi, kuku, miwa, na yai la nyanya. Karibu kila mara mwalimu ndiye aliyelinunua. Nadhani lilimfurahisha lile tambo la kutembea nalo mpaka nyumbani watu wakimwona.

Jioni tulikuwa tunakula kimanga, viazi na mihogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja, na ladha yake ilikuwa ya moshi. Nimejaribu kukipika hapa kwa viazi vya supamaketi. Kinatoka kitamu, lakini si chenyewe. Mtoto wa jirani alikuwa anakuja na bakuli lake la bati kula pamoja nasi. Msichana, rika langu, miaka tisa au kumi. Baba yake aliteremkia mashamba ya katani hakurudi, mama yake alikuwa anaumwa kifua. Nyanya hakumwita maskini hata siku moja. Alimpakulia tu, akimtania kwamba anakula kama mkwe aliyekuja kuposa, kwa haya, na yule msichana anajibu, "Nyanya, nikila bila haya utalia."

Jumamosi moja nilipanda juu ya ghala. Nisikudanganye, sikuwa na njaa. Nilitaka tu kujua ladha ya kitu cha Mungu. Nilitoboa yai kwa mwiba huku na huku, nikalifyonza, nikalirudisha kikapuni, msalaba juu. Ladha yake kama makamasi ya baridi. Niliketi nyuma ya ghala nikingoja kufa. Sikufa, na hiyo ndiyo iliyoniharibu.

Kesho yake mnadani mwalimu alilishika, akalitikisa sikioni, akalinyanyua watu waone jua likipita. Akamwambia nyanya, "Mama, leo umemletea Bwana upepo." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nyanya alisimama pale na leso yake safi, na mimi sikuwa nimewahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu.

Nyumbani aliuliza nani. Alikuwa ametukalisha mimi na mtoto wa jirani kwenye vigoda. Sikusema jina la mtu, hilo nimejitetea nalo miaka yote. Nilimtazama tu yule msichana. Nyanya akafuata macho yangu.

Hakumpiga. Alimwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa tunakula tulio nuruni. Siku utakayosema, uje, chakula chako kipo." Yule msichana akasema, "Si mimi, nyanya." Akachukua bakuli lake akaondoka.

Hapa ndipo ninapotaka unielewe. Angesema ndiyo, ni mimi, angekula jioni ile ile, na nyanya angemkumbatia. Uongo mmoja tu ungemrudisha jikoni kwetu. Hakuusema. Msimu wote ule wa mvua alikuwa akipita kwenye ua wetu wakati wa kupakua, anasimama kidogo, na nyanya anauliza kutoka ndani, "Uko tayari, mwanangu?" Yeye anajibu kwamba si yeye, anapita. Nyanya alikuwa analia kwa ajili yake katika maombi. Na mimi, usishangae, mwezi ule ule nilisimama mkutanoni nikaungama kwamba nililamba sukari ya mama mdogo. Waliniimbia wimbo mzima, wakanibeba juu.

Kabla mvua hazijaisha mama yake yule msichana alifariki. Tulizika, yeye akachukuliwa na watu wa mama yake kule bondeni. Nyanya naye baadaye alikufa akiamini alichoamini, na siku zake za mwisho alikuwa bado anamtaja yule mtoto kwa maombi, kwamba Bwana amfungue mdomo.

Miaka ikaenda, unajua inavyokwenda. Binti yangu akasomea unesi, akaja Amerika, akaniita. Na huku, kwenye msiba wa Mtaita mmoja hapa Dallas, akaja mama mmoja mwenye fimbo akanisalimia kwa Kitaita, akanitajia jina la nyanya yangu. Alikuwa yeye. Anaishi Sugar Land, upande wa Houston, kwa mtoto wake wa kiume. Tumekuwa tukionana kwenye misiba na arusi mwaka wa sita sasa, Bwana asifiwe, asifiwe sana, habari za magoti, na mimi sijasema kitu. Kila mara najiambia leo kuna watu wengi.

Baada ya ile Pasaka nilimwomba binti yangu anipeleke kwake. Alikuwa na siku moja tu ya mapumziko wiki ile. Akalalamika kwamba ni masaa manne kwenda, kwa nini nisipige simu. Nikamwambia haya hayasemwi kwa simu. Tulipita dukani kwanza, nikanunua mayai, maana ndugu walitufundisha kurudisha na ziada. Yanauzwa kwa dazeni. Niliyapakata mpaka Sugar Land, binti yangu akicheka kwamba kwani Houston hakuna kuku.

Alitukaribisha vizuri. Chai ya tangawizi, mandazi. Binti yangu akaingia ndani na mkwe wa mwenyeji wetu, tukabaki wawili sebuleni. Nikaweka mayai mezani na kusema yote, mwiba, ghala, macho yangu yalivyomtazama. Nilisema kama tulivyofundishwa, bila kujitetea.

Aliyasogeza yale mayai upande wangu.

"Mghosi," akasema, ndivyo tunavyomwita mzee kwetu, "yai lilikuwa la Mungu. Haya umeyaleta nyumba isiyo yake."

Nikasema najua, lakini wewe ndiye uliyeumia.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa nachuma mboga upande wa mbele wa ghala. Nilikuona unafyonza, umefumba macho."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nyanya yako aliniambia niungame. Hakuniambia nishtaki. Nikajua wewe utasema. Mtoto wa nyumba ya maombi, nikasema, hawezi kumaliza wiki." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Unajua nilikuwa nakula nusu?"

Sikujua.

"Nakula nusu kwenu, nusu naifunika kwa jani nampelekea mama. Alikuwa hawezi tena kupika. Sisemi alikufa kwa njaa, alikuwa mgonjwa, wewe unajua. Nasema tu ile nusu ilikuwa yake."

Nilitaka kupiga magoti. Magoti yangu siku hizi hayakubali, nikabaki nusu nimeinuka, nimeshika kiti, nikamwomba anisamehe.

Alikunywa chai yake kwanza. "Yangu nimekusamehe," akasema. "Hiyo ni nusu. Ile nyingine si yangu kuitoa."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, hasira tulifundishwa kuiombea. Aliniongezea chai. Akaniuliza kama binti yangu analala vizuri na zile zamu zake.

Njiani kurudi binti yangu aliuliza tulizungumza nini muda wote ule, nikamwambia mambo ya kwetu. Akasema vizuri, baba, ni vizuri kukumbuka. Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji wetu, kijana mwema, nikamweleza. Alinishika bega akasema Mungu alishasahau, tena nilikuwa mtoto, yai moja tu. Alitaka kunipunguzia. Lakini kwetu hakuna mtu angesema yai moja tu. Mtu angekaa nami kwenye kigoda, angeuliza, na yule marehemu mama yake tumfanyieje, tungetafuta wote, hata kama haipo njia. Watu wa kukaa hivyo wamekwisha. Wamelala kule mlimani, na ukungu sijui kama bado unaingia jikoni, maana nasikia siku hizi wanapikia gesi.

Nyanya alikuwa akisema weka nuruni, mwanangu, ukiweka utakuwa mwepesi. Nimeweka. Nilingoja wepesi Jumapili ile, nikangoja na nyingine. Ninachokiona sasa, kwa kuwa pana mwanga, ni mtoto amesimama uani kwetu, mvua inanyesha, na mimi niko ndani nakula.