Buryong Yenye Sauti

Kila Alhamisi Nanay Senda hukaanga tangawizi, akamimina mchele na maji, akakoroga uji mpaka mwiko usimame wenyewe. Kisha hupakia sufuria kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, akaenda nalo gereza la wanawake la San Roque. Majirani hawamwelewi.

"Mtu akitoka jela hata barabara yake haipiti," muuza samaki wa pale kona humwambia. "Wewe unarudi kubisha hodi!"

"Nabisha kwa sababu nilifunguliwa," hujibu. "Mlango usipokufungukia ndio unaulaani."

Jina lake kamili ni Rosenda Alcaraz; nanay ni mama kwa Kifilipino. Alizaliwa kwenye mashamba ya minazi ya Quezon, akakua na harufu ya moshi wa kukaushia nazi kwenye nywele. Aliolewa, akafiwa na mume, akauza mboga sokoni. Mboga zilipokataa kulisha watoto akauza na vipakiti vya shabu, dawa ya kulevya, na siku polisi walipovikuta chini ya kabichi hakusema ni vya mtu mwingine. Vilikuwa vyake. Alingoja hukumu ndani miaka mingi, na kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa na moyo usiopendelea, wanawake wa bweni walimchagua kuwa mayora wao. Mayora ndiye anayesema nani alale wapi, nani aoge kwanza, na nani akamwombe nani msamaha.

Sasa, gerezani kuna neno wanalolijua wenyewe: buryong. Ni ule uzito unaomwangukia mahabusu kesi ikishaahirishwa na kuahirishwa, kuta zikamsogelea, wali ukawa mchanga kinywani. Kila mtu huipata, kama mafua, na kama mafua, kila mtu ana tiba yake. Mwenye buryong humwagiwa ndoo ya maji baridi. Hufulishwa mablanketi ya bweni zima. Husukumwa mbele ya karaoke aimbe mpaka alie, au alie mpaka aimbe. Nanay Senda alikuwa bingwa wa tiba hizo, na wengi walipona mikononi mwake.

Kwa hiyo Minda alipougeuzia ukuta uso, Nanay Senda hakuhangaika. "Buryong tu hiyo," alisema, na ndoo ikaletwa.

Minda, yaani Luzviminda Sarmago, alikuwa fundi cherehani kutoka kisiwa cha Samar, mwanamke wa kicheko kirefu. Kicheko kilikwisha. Akaacha kula. Asubuhi, wanawake walipopanga mstari na kujihesabu mmoja mmoja mbele ya askari, zamu ya Minda ilifika naye akakaa kimya. Namba yake ilikuwa kumi na saba. Nanay Senda, mstari wote usije ukaadhibiwa, aliibana sauti yake ikawa nyembamba na kuita kwa niaba yake, "Kumi na saba!" Akazoea. Bweni zima likazoea kwamba kumi na saba ina mdomo wa kuazima.

Lakini mahakamani hakuna mdomo wa kuazima. Minda alikuwa ameshakaa ndani kupita hata kifungo ambacho angepewa. Wakili wake wa bure alikuwa amepatana na upande wa serikali: akiri kosa dogo, arudi Samar kwa mwanawe. Sharti lilikuwa moja tu, akiri mwenyewe, kwa kinywa chake, na jaji aone kwamba anaelewa. Siku ilipofika Minda aliitwa, akaitwa tena, naye alikuwa akiitazama feni ya darini inavyozunguka. Jaji akaahirisha. Ikitokea hivi tena, alisema, mama huyu atapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Manila, na kesi itamngoja huko. Wote waliijua ngoja hiyo. Kuna walioingoja mpaka watoto wao wakasahau sura zao.

Mwezi huohuo gereza lilimpata Liwayway Abrenica, askari na nesi kwa pamoja. Mkoa ulikuwa umeanzisha utaratibu mpya: kila mahabusu aulizwe hali ya akili yake, daktari wa akili aje kila mwezi, na dawa zitolewe bure. Siku ya kwanza aliingia bwenini na magwanda yake yaliyopigwa pasi, akauliza, "Jamani, nani ana matatizo ya akili?"

Hakuna aliyenyanyua hata kope.

"Afande Nesi," akasema Chona, mcheshi wa bweni, "humu mwenye akili timamu ni paka wa jikoni peke yake. Anza naye."

Bweni likacheka, na nesi akacheka nalo, kisha akaenda zake. Kesho yake alirudi, akavua viatu, akakaa chini walipokuwa wakimenya vitunguu saumu. Akachukua kimoja, akamenya.

"Haya," alisema. "Nani ana buryong?"

Mikono yote ikaenda juu.

"Mungu wangu. Hebu niambieni, zikoje?"

"Yangu nzito, Afande. Inanikalia kifuani kama gunia."

"Yangu inaniamsha kabla ya jogoo."

"Yangu ina sura ya mama mkwe," akasema Chona. "Na ndevu zake vilevile."

Nesi alicheka hadi akajifuta macho na kiwiko. Halafu akauliza polepole, mikono ikiendelea na kazi, "Na kuna mwenye buryong inayosema? Kwa sauti kabisa, kama ninavyosema mimi hapa?"

Kisha kutoka ukutani, bila uso kugeuka, sauti ambayo bweni lilikuwa limeanza kuisahau: "Yangu haimpi mtu nafasi. Inasema wali wangu una sumu."

Kitunguu kikamponyoka Nanay Senda. Alikumbuka ndoo zote.

"Nilikuwa nammwagia maji, Afande," alisema baadaye, wakiwa wawili mlangoni.

"Ulimmwagia ukitaka arudi, Nanay. Na bado tunataka arudi. Hiyo siyo buryong, ni ugonjwa, na una dawa. Nisaidie ameze."

Daktari akaja, akaongea na Minda kwa upole, akaacha vidonge. Ila vidonge hivyo navyo, sauti zilisema, ni sumu. Minda alifumba mdomo kama chaza. Nesi alibembeleza. Chona aliimba. Wapi.

Ndipo Nanay Senda akakumbuka jambo ambalo kila mahabusu analijua siku ya kwanza: ndani hakuna anayekula peke yake. Ukiingia, watu fulani watakusogezea sahani yao, na tangu hapo hao ndio ndugu zako. Akatwaa sahani moja, akaweka wali na samaki mkavu, akakaa mkabala na Minda, magoti yao yakigusana. Akanyoosha mkono, akala tonge la upande wa Minda.

"Kama ina sumu, tutakufa tumeshiba," alisema.

Minda alimtazama akitafuna. Alimtazama akimeza. Akangoja kidogo kuona kama ataanguka. Kisha akaingiza vidole vyake sahanini, na baada ya tonge la tatu au la nne, kidonge kikafuata njia ya wali.

Ikawa hivyo kila mlo. Si kwamba mambo yalinyooka. Zilikuwepo siku sahani iliruka na kupasuka. Lakini nesi alikuwa akija, hakuchoka kuja, na aliwafundisha wanawake wote kusikiliza: buryong ya kawaida ifanyieni wimbo na kazi, ila ikianza kusema, niiteni mimi. Ndoo ikabaki ya kuogea. Asubuhi moja Minda aliomba sindano na uzi, akakunja pindo la suruali ya Nanay Senda lililokuwa limefumuka tangu mvua za mwaka uliopita.

"Sauti bado zipo?" Nanay Senda akamuuliza.

"Zipo, Nanay. Ila zimehamia nyumba ya jirani. Nasikia redio yao tu."

"Waambie wapunguze," akadakia Chona. "Sisi tunalala."

Siku ya mahakama Minda alifungwa pingu moja pamoja na Nanay Senda, aliyekuwa na kesi yake asubuhi hiyohiyo. Wakakaa kwenye benchi la mahabusu. Feni ilikuwa palepale, inazunguka. Askari akamfungua Minda, na upande mtupu wa pingu ukabaki ukining'inia kwenye mkono wa Nanay Senda.

"Luzviminda Sarmago!" akaita karani.

Nanay Senda alihisi ile sauti nyembamba imepanda yenyewe kooni mwake. Akauma midomo.

Minda akasimama, mgongo wima, mikono ubavuni, akaita kwa nguvu zake zote:

"Kumi na saba!"

Jaji akainua miwani. Wakili wa bure akafumba macho. Benchi la mahabusu likajizuia, likashindwa, likaangua kicheko. Na Minda, mkono mdomoni, akacheka nao, kile kicheko chake kirefu.

"Nisamehe, Mheshimiwa," alisema. "Kumi na saba ni jina langu la ndani. Hapa mimi ni Luzviminda."

"Unajua uko wapi?"

"Mahakamani. Mara iliyopita niliitazama feni. Leo naitazama sura yako."

"Unaumwa?"

"Naumwa, Mheshimiwa. Nameza dawa. Na nikirudi kwetu nitaendelea kumeza, Afande Nesi ameshaongea na kituo cha afya." Kisha akaeleza, polepole, kosa alilokuwa akilikiri na kwa nini, bila kusaidiwa neno. Nanay Senda alilia, na kila alipojifuta pingu ililia pamoja naye.

Jaji alikubali, na jioni hiyo Minda aliachiwa. Asubuhi iliyofuata hesabu ilifika kumi na sita, ikasimama. Kila mtu alisikia pengo. Kisha Chona, aliyefuata, akasema namba hiyo taratibu, bila mzaha.

Nanay Senda aliachiwa kabla ya Krismasi ya mwaka huo. Alhamisi sasa, uji ukishagawiwa, hukaa chini bwenini kando ya nesi, akauliza, "Haya, wanangu, buryong zenu zimeamkaje?" Nao humwambia. Wengine hata huyasema yale ya ukutani, yale ya kusikia sauti, kwa sababu sasa yana pa kusemewa, na yeye humshukuru Mungu na huyo mwanamke aliyevua viatu.

Akirudi nyumbani simu hulia kutoka Samar, na Minda hujihesabu:

"Kumi na saba!"

"Yupo. Umekula?"

"Nimekula."

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Umekula na nani?"

"Na mwanangu, Nanay. Sahani moja."