Dirisha Lenye Ufa la Msikiti Wetu wa Kale

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: "Vunjeni." Nililisema mchana, nikiwa kazini kwenye maegesho ya magari chini ya hoteli moja hapa Alexandria, Marekani, simu nimeibana kati ya sikio na bega, mkononi nimeshika ufunguo wa gari la mgeni aliyekuwa akinikodolea macho kwa haraka zake. Upande wa pili wa simu alikuwa Athumani, mtoto wa baba yangu mdogo, mwenyekiti wa kamati ya msikiti kijijini kwetu, kule pwani, kaskazini ya Tanga. Amepatikana mfadhili, akaniambia. Msikiti mpya utakuwa wa zege, wa ghorofa, wenye minara miwili na vigae mpaka nje. Mhandisi ameukagua ule wa kale, amesema ukuta wa mashariki una ufa na ipo siku utaua watu. Wote wamekubali. Limebaki neno langu.

"Unajua mwenyewe, kaka," alisema. "Bila ruhusa ya mkubwa wa nyumba yetu hakuna wa kugusa hata jiwe."

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mababu zangu walikuwa waangalizi wa msikiti ule, na kuta zake hazikuguswa bila idhini ya mwanamume mkubwa wa nyumba yetu. Baba alipofariki, mkubwa nikawa mimi, nikiwa mbali huku. Ningeweza kusema nisubirini nije. Ningeweza kusema zibeni ufa kwa chokaa kama walivyoziba wenzenu. Lakini mgeni alikuwa akingoja gari lake, nami, niseme kweli, nilikwisha kujiona nimekaa safu ya mbele juu ya zulia jipya, watu wakinong'onezana kwamba yule pale ndiye aliyetupa msikiti huu. Nikasema vunjeni. Nikamletea mgeni gari lake.

Wenzangu wa rika langu, hasa ninyi mliokulia pwani na sasa mnapanda basi pamoja nami kwenye baridi hii, mtanielewa nikisema kwamba historia ya kwetu hatukuisoma darasani. Darasani tulisomeshwa mito ya Ulaya. Ya kwetu tuliisoma ukutani, kwa viganja.

Msikiti wetu ulikuwa mwembamba na mrefu, kama chumba kilichovutwa. Wazee walisema ulikuwepo kabla Mreno hajaonekana, na hakuna aliyebishana nao. Baba alikuwa fundi chokaa, na yeye ndiye aliyetueleza sababu ya ule wembamba: boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuidai zaidi, kwa hiyo waliojenga mwanzo walijenga upana ambao boriti moja ingeweza kuuvuka. Watu walipozidi wakaongeza chumba cha pili ubavuni, wakabomoa ukuta wa kati na mahali pake wakasimamisha nguzo. Ndiyo maana mihrabu, kile kishubaka cha kibla anaposimama imamu, haikuwa katikati. Mgeni akiingia alidhani wajenzi walilewa, nasi watoto tulibanana mbavu kwa kicheko, kwa sababu tulijua. Mihrabu haikuhama. Ni msikiti ulionenepa upande mmoja.

Mihrabu hiyo ilichongwa kwa matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, wakati bado yanakatika kwa kisu kama muhogo uliochemka, kisha yakaachwa yakauke yawe magumu. Kuizunguka yalipachikwa mabakuli madogo ya kaure ya Uchina, meupe yenye maua ya buluu. Moja lilikuwa limeng'oka, limebaki shimo la duara, na kila mtoto alikuwa na hadithi yake juu ya mwizi. Baraza ya upande wa magharibi ndiyo iliyokuwa changa kuliko sehemu zote. Aliijenga babu yake baba. Baba alikuwa akiipapasa na kucheka peke yake. "Hapa mzee alikuwa na haraka," alisema. "Mchanga mwingi, chokaa kidogo. Tazama inavyovuja unga. Alikuwa anawahi harusi huyu."

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, kijiji kizima kiliupaka msikiti chokaa. Shule ikitoka tulikimbilia kwenye tanuu la chokaa, ambako magogo yalipangwa duara na mawe ya matumbawe juu yake, na sasa moto umekwisha kuyalainisha mawe na mvua imekwisha kuyamwagia. Harufu ya chokaa iliyolowa inakaba koo na ina ubaridi wake, na mpaka leo nikipita mahali wanapojenga huku, puani mwangu natafuta harufu ile, siipati. Tulibeba chokaa kwa vikapu vya ukindu. Vijana wakubwa waliipondaponda kwa fimbo, wakipokezana kwa wimbo, na anayekosea mdundo alizomewa mpaka kwao. Nyusi zetu zilikuwa nyeupe kama za wazee. Akina mama walileta vitumbua na chai ya tangawizi kwenye sinia, tukanawa mikono kwenye birika la udhu, lenye lile jiwe la kusugulia nyayo ambalo miguu ya watu imelichimba likawa kama kijiko. Siku hizi mjukuu wangu akiteremsha mfuko mmoja wa mchele kutoka kwenye gari anataka kupigwa picha.

Tulicheza kibe kati ya nguzo, na aliyejificha ndani ya mihrabu alijua kofi linamngoja. Lakini upande wa mashariki, nje, hatukucheza. Huko kulikuwa na makaburi, na huko ndiko alikotawala bibi yetu, Bibi Mwanakombo, mama yake baba.

Kwetu kaburi halikuandikwa jina. Ni tuta la udongo na mawe mawili, kichwani na miguuni. Mvua za miaka michache hulilaza tuta, mawe yakazama mchangani, ukabaki uwanja mtupu. Kilichobaki ni ukuta wa msikiti, na ukuta ndio uliotuambia nani yuko wapi. Bibi alifagia uwanja ule kila Alhamisi alasiri, mimi na mdogo wangu Zuhura tukimfuata na ndoo ya maji, naye akisalimia kama mtu apitaye mtaani. "Mkabala wa mlango wa kwanza ni babu yenu, msikanyage. Penye mfereji wa paa ni shangazi yangu, alikuwa mkorofi, mwagieni maji mengi. Hapa penye nguzo ya ukuta ni watoto wangu pacha." Kisha ananigeukia. "Haya, wewe rudia." Nikikosea, ananirudisha mlangoni tuanze upya. "Siku nikifa mimi," alisema, "nani atawajua hawa kama si nyinyi?"

Mama alifariki nikiwa bado sijabalehe, kwa uzazi, yeye na mtoto. Walimlaza mkabala wa dirisha lenye ufa. Ufa ule ulianza kwenye pembe ya chini ya dirisha ukateremka kwa mshazari mpaka kwenye msingi, na baba alisema ulikuwepo tangu babu yake akiwa mtoto, umezibwa na kuzibwa tena. "Huu ni ukuta uliokaa vizuri tu," alisema, "ulihema mara moja, basi." Siku ya maziko alinishika bega akaniweka mgongo kwenye dirisha. Akaniambia, "Ukisimama hapa, mama yako yuko mbele yako, sawasawa na ufa. Huhitaji jiwe."

Chuo chetu cha Kurani kilikuwa ndani ya msikiti, alasiri. Maalimu aliponiona nimehama safu nimekwenda kukaa chini ya dirisha lile aliniacha nikae, na yeye alikuwa mtu wa fimbo. Nilisoma juzuu zangu zote pale. Nikiinua macho kutoka kwenye msahafu, naona mchanga, naona majani ya mkorosho yaliyoanguka juu yake, najua mama yupo. Sikuwa na picha yake hata moja. Nilikuwa na dirisha.

Siku mbili baada ya ile simu ya Athumani, Zuhura alinipigia kutoka kijijini. Bibi alikwisha kutangulia zamani, na kazi ya ufagio ilikuwa yake.

"Kaka, umewaambia wavunje?"

"Ukuta una ufa, Zuhura. Mhandisi amesema."

"Ufa upi huo? Ule wetu?"

Nikachungulia barabarani kama basi langu linakuja.

"Na mama?" akaniuliza. "Mama nitamjulia wapi?"

Nilikuwa nimechoka, nimetoka zamu, nasubiri basi. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne anapozungumza na mdogo wake aliyeachishwa shule: "Mama yuko kwa Mungu, hayuko kwenye ukuta."

Hakunitukana. Alisema, "Haya, kaka, wewe ndiye mkubwa," akakata simu.

Nilikwenda nyumbani mwaka uliofuata. Msikiti ni mzuri, siwezi kuusema vibaya. Una feni, una maji ya bomba, una kipaza sauti kinachosikika vijiji vitatu. Jengo jipya ni pana, lilihitaji nafasi, na tingatinga lilisawazisha uwanja wa mashariki wote, maana aliyeliendesha aliona mchanga mtupu. Msingi wa ukuta wa kale umeng'olewa. Mabakuli ya kaure nimeambiwa yalivunjika katika kuyatoa. Athumani alinitembeza akiwa na furaha ya kweli, akanikalisha safu ya mbele, kama nilivyoota, na watu wakanong'onezana, kama nilivyoota.

Baada ya swala ya alasiri Zuhura aliningoja nje. Tulisimama juu ya vigae vya kijivu. Alivua viatu, nami nikavua. Akaenda upande mmoja, akasimama, akageuka kuutazama ukuta mpya, akasogea tena. "Mlango wa kwanza ulikuwa hapa," alisema. "Hapana. Ulikuwa kule yalipo mabomba." Tukajaribu kuukumbuka mkorosho, nao umekatwa. Nikajaribu kukisia kwa kibla, lakini ukuta mpya wa kibla umesogezwa mbele. Vijana wawili waliokuwa wakitawadha walitutazama. Mmoja akauliza kwa adabu, "Babu, mmedondosha kitu tuwasaidie kutafuta?"

"Tumedondosha," Zuhura alisema.

Mwisho akakaa chini palepale alipokuwa. Akasema, "Labda hapa. Labda tumeshampita." Nilisoma Fatiha nikiwa nimeelekea upande mmoja, nikageuka nikasoma tena upande mwingine, kama mtu asiyejua mwenye nyumba anaishi mlango gani. Zuhura hakunilaumu, si siku ile wala baadaye. Alhamisi hafagii tena. Kuna kijana wa kamati anayepiga deki.

Basi langu la kwenda kazini hapa Alexandria hupita kando ya kanisa la zamani la matofali. Si la zamani kama msikiti wetu, wala halikaribii, lakini wenyewe wanalitunza kama yai. Niliwahi kuingia siku yangu ya mapumziko. Mama mmoja mzee wa hapo akanionyesha kwa kidole tofali lililochomwa zamani na tofali lililowekwa jana, akaniambia mnara ulikuja baadaye na ukumbi wa juu ukaja nao. Alikuwa akisema kama baba. Alinionyesha ufa pia, na kibati kidogo walichokigandisha juu yake ili wajue kama unapanuka. Nje makaburi yao yana majina kwenye mawe, na bado hawakuthubutu kuusogeza ukuta. Nilimshukuru, nikatoka nikakaa kituoni, mabasi mawili yakapita sikuyapanda.

Enzi zetu hatukuwa na ramani wala saa. Mtoto wa miaka saba alijua babu zake wamelala wapi kwa kutazama mlango, mfereji na nguzo, na akikosea anarudishwa mwanzo. Siku hizi simu inaniongoza mpaka kwenye nafasi ya kuegesha gari katika jengo nisilolijua, Beltsville au kokote. Majuzi nilikuwa kwa binti yangu Temple Hills, na mjukuu wangu Nassoro, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anakijibu kwa Kiingereza, alinifungulia kijiji chetu kwenye simu yake, kilivyopigwa picha kutoka angani. Nikaona paa jipya la buluu, uwanja wa kijivu na vivuli vya minara miwili. Akaikuza picha, akanipa simu, akaniomba nimwonyeshe kwa kidole alipozikwa mama yangu, ili aweke alama, siku akienda aende moja kwa moja.

Nilikishikilia kidole changu juu ya kioo bila kukigusa, mpaka picha ikazimika. Nikamrudishia simu yake. Nilitoa ruhusa ukuta uvunjwe, na sasa sijui mama yangu amelala wapi, wala hakuna mtu aliye hai anayejua.