Rubisi ya Kanoni

Mwaka 1934 ilitangazwa barazani, kwa sauti ya karani na baada ya watu kuvua kofia, kwamba rubisi yote ni pombe ya ndizi, pombe ya ndizi ni moja, na hakuna sababu ya mtu kutaja kilima ilikotoka.

Rwegoshora alisikiliza kwa heshima, kisha akaenda nyumbani kupanga safari. Mwanawe Yustus alikuwa anaposa kwa Muhangi, mfugaji aliyewahi kuwarudisha washenga kwa sababu ya kibuyu kimoja cha rubisi. Rubisi ikikosewa, Yustus hana mke. Basi rubisi ya kilima cha Igurwa ingeonjwa Jumatatu, ya Kanoni Jumanne, na ya Nyakakika mwisho, kwa kuwa kule huzidisha mtama wa kuchachushia, na mtu akitoka huko hakumbuki alikoanzia.

Alhamisi alirudi, na mkewe Auleria akamuuliza, "Baba Yustus, umechagua ipi?"

"Kila moja ina sifa zake."

"Ulikwenda kuchagua, hukwenda kuzipatanisha."

"Kanoni," akasema, akatafuta ukuta wa kuegemea.

Siku ya posa Muhangi alivuta mrija mara tatu, taratibu kiasi cha Yustus kuota mvi.

"Kanoni," akasema hatimaye. "Upande wa juu, kwenye mawe."

"Hujakosea, mzee," akajibu Rwegoshora.

"Haya. Mwiteni binti."

Karani yule wa barazani naye alikuwepo, kwa kuwa ni mjomba wa binti. Alipoletewa kibuyu chake, aliuliza kwa upole kama si cha Igurwa.