Mafuta ya Karanga Juu ya Vioo vya Jua

Siku hizi hapa Gongoni paneli za sola zimejaa mapaani, na vijana wanaoziuza hunieleza mimi, bibi kizee, jinsi vumbi linavyozipunguzia nguvu. Nawasikiliza tu. Somo hilo nililipata kabla hawajazaliwa, na halikunijia bure.

Miaka ya mwisho ya Ujamaa nilikuwa nesi wa zahanati katika kijiji kimoja upande wa Usoke. Wafadhili walituletea vioo viwili vya jua, ndivyo tulivyoviita, pamoja na jokofu dogo la kutunzia chanjo. Vioo vilifungwa juu ya paa, na mbele ya zahanati malori ya tumbaku yalipita kwenye njia ileile ambayo babu zetu waliipita na pembe za ndovu mabegani. Kiangazi vumbi lilitua mchana kutwa. Alfajiri umande ulililowesha, jua likalikausha, likashika kama udongo wa kukandikia ukuta. Ukiwahi kulifuta kwa maji kidogo na kitambaa laini, linatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kila asubuhi.

Kisha tukaambiwa mkubwa mmoja kutoka mkoani anakuja kutembelea kijiji. Kwetu kitu hakionyeshwi kwa mgeni kikiwa kikavu. Mtoto hupakwa mafuta, kigoda hupakwa, hata ngozi ya ngoma hupakwa. Mwenyekiti wa kijiji akaagiza vioo navyo vipakwe mafuta ya karanga ili ving'ae.

Nilimfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee. Mafuta yatanasa vumbi, na jokofu litakufa."

"Marahaba. Wewe nesi, kazi yako sindano. Mgeni akikuta vitu vimepauka, aibu itakuwa ya nani?"

Mgeni hakuja siku aliyotarajiwa, wala iliyofuata. Kila asubuhi vijana walipanda kuongeza mafuta mengine juu ya yale ya jana. Vumbi sasa halikungoja umande, lilinata papo hapo. Nikimwaga maji, yanateleza na kwenda zake. Nilijaribu majivu, yakageuka uji. Sabuni ilikuwa adimu nchi nzima, na ile kidogo ya duka la kijiji mwenyekiti alikuwa ameifungia ndani ili mgeni apate ya kuogea.

Chupa moja ya chanjo ya surua ni ya watoto wengi, na ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo, kwa hiyo nisingeweza kumchanja mtoto mmoja mmoja. Nilihitaji akina mama wote waje pamoja, na mwenyekiti alikuwa ameahirisha kliniki mpaka mgeni afike, awakute kwenye foleni. Binti yangu wa mwisho, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa, alikuwa miongoni mwa waliosubiri.

Mgeni akaja hatimaye. Alisifu vioo, ambavyo asubuhi hiyo vilikuwa vimepakwa upya, akala kuku, akaondoka. Mimi nikafungua jokofu ili nianze kuchanja. Ndani mlikuwa na joto kama kabati la nguo. Chanjo ilikuwa imeharibika, nikaimwaga yote shimoni, akina mama wakinitazama na watoto wao mgongoni.

Surua iliingia kijijini kabla chanjo nyingine haijaletwa. Ilichukua watoto kadhaa, binti yangu akiwemo. Nina hasira mpaka leo, wala sifichi.

Mwenyekiti alikuja msibani, akapewa kiti.

"Pole sana, mama," akaniambia. "Ni kazi ya Mungu."

"Mungu usimsingizie, mzee. Hii ni kazi yako."

Mume wangu alinishika mkono akanitoa nje, na wazee wa ukoo wakanifuata hukohuko. Walisema nimemvunjia heshima kiongozi mbele za watu, na kwamba matanga hayataanuliwa kabla sijamwomba radhi. Nikarudi ndani, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwomba. Naye akanisamehe.