Neno Lililobaki Kinywani mwa Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno. Alisomesha madrasa hapa Msambweni tangu mimi sijazaliwa, na ni nyumba chache mtaani kwetu zisizokuwa na mtu aliyefundishwa naye kusoma. Lakini yeye hakutosheka na kusoma. Alipenda kulishika neno moja akaliuliza limetoka wapi na limepita kwa nani hata likafika kwetu. Mgeni akibisha hodi, akakaribishwa, akaagiziwa soda baridi duka la jirani, ilimbidi kwanza asikilize habari za kile anachotaka kunywa. Marehemu mama alikuwa akisema kutoka jikoni, "Mwache mtu anywe, bwana, gesi yaisha." Baba hasikii.

"Wajua neno hili limetembea kiasi gani?" ndivyo alivyoanza siku zote, na mgeni chupa mkononi. Wako wasemao asili yake ni sudaa, neno la Kiarabu la maumivu ya kichwa, kwa kuwa watu wa kale walijitibu kichwa kwa mmea fulani wa pwani wenye chumvi. Wengine wasema la, ni jina la mmea wenyewe tu, uliokuwa ukichomwa na majivu yake kutengenezwa sabuni na kioo. Wenye elimu wangali wanabishana. Majivu yale yakavuka bahari mpaka kwa Wataliano na Wahispania pamoja na jina lake. Waingereza wakaja wakalipachika jina hilo kwenye maji yenye gesi, kisha akatokea mtu akatia sukari na rangi. "Na hiyo chupa uliyoishika," baba humalizia, "nayo haifanyiki bila ya majivu yayo hayo. Haya, kunywa sasa." Kufikia hapo soda ilikuwa imeshapata moto.

Mimi nilikuwa nikikereka. Sina subira, na nilikuwa sina tangu utotoni. Siku moja alinichukua kwao Bodo, tukapita nyuma ya mikoko, pale ardhi inapokuwa tupu na nyeupe kwa chumvi. Akachuma mmea mfupi wa majani manene, akaniambia nitafune. Nikatema. Alicheka mpaka akashika magoti. Akasema kuwa huenda huo ni ndugu wa ule mmea wa Waarabu, na kwamba magadi anayotia nyanya yangu kwenye kunde ili zilainike upesi nayo ni ya ukoo huo huo. Nilimwambia nataka kurudi nyumbani, miguu yachomeka.

Mdogo wangu ndiye aliyemrithi. Yeye ni mtoto wa mwisho, mama alimwacha akiwa bado anashika nguo za watu, nikamlea mimi. Alipopata kazi ya kuhudumia meza katika hoteli moja huko Diani, akawa anamletea baba maneno kutoka kwa wageni. Jioni moja alirudi akasimulia kuwa Mturuki ameomba soda, akapelekewa ya machungwa, akaisukuma kando. Kumbe kwao soda ni maji ya gesi yasiyo na sukari hata chembe. Baba alifurahi siku ile kama mtu aliyeletewa samaki mzima. Akamwambia arudie tena, yule mgeni alitamka vipi hasa. Walikaa wawili hao kibarazani mpaka magharibi, mimi napika peke yangu na kunung'unika.

Asubuhi aliyougua baba, alitoka darasani mapema ameshika kichwa. Nilimuuliza ana nini. "Sudaa," akanijibu, akicheka kidogo, maana hata maumivu kwake yalikuwa na nahau yake. Nikampa dawa ya kichwa, nikamwambia alale. Kabla ya adhuhuri mkono wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda upande. Kiharusi.

Tulipomtoa hospitalini alikuwa na neno moja tu. Soda. Akitaka maji, soda. Akitaka kugeuzwa, soda. Daktari alitueleza kwa upole kuwa hutokea hivyo, mtu hupoteza maneno yote likabaki moja, na hakuna ajuaye kwa nini likawa hilo. Alisema baba aelewa kila kitu kichwani, ila njia ya kutokea ndiyo iliyofungwa. Mtu aliyebeba Kurani nzima kifuani asibakiwe na jina la Mola wake, wala jina langu, abakiwe na kinywaji cha dukani. Niliumia kwa hasira, na hasira haikuwa na wa kumwendea, basi nikawamalizia wageni.

Maana wageni nao, jamani. Waja kumtazama mgonjwa, wamsikia akisema soda, wamtuma mtu dukani. Baba aliwekewa chupa mkononi huku anatikisa kichwa na machozi yanamtoka, "Soda, soda, soda," naye mgeni asema, "Hii hapa, mwalimu, au wataka nyingine?" Nikawa nawafukuza. Nilisemwa sana mtaani kuwa ulimi wangu ni mkali, na ni kweli.

Mimi mwenyewe ilinichukua muda kumjua. Mwishowe nilijifunza kulisikiliza neno lile kwa namna anavyolivuta. La njaa lilikuwa fupi. La kuomba kupelekwa uani alilisema akitazama ukuta, kwa haya. Aliniita kwalo kutwa kutoka chumbani, nami naitika, "Labeka, baba," mara nyingine kwa moyo safi na mara nyingine kwa meno, kwa sababu mikono i kwenye unga na ndiyo kwanza nimetoka kwake.

Sasa, mdogo wangu alikuwa ameshaposwa kabla ya ugonjwa. Kijana mwenyewe alisoma kwa baba, na baba ndiye aliyepokea posa. Arusi ilikuwa imekaribia. Baba mdogo akaja kutwambia asemalo kila mtu mwenye akili, kwamba yeye atasimama badala ya kaka yake msikitini na kuozesha, sheria yaruhusu. Mdogo wangu akasema hapana. Alisema kwa adabu, lakini alisema. "Neno lako naliweka kichwani, baba mdogo. Lakini sina mama. Nataka niozeshwe na baba kwa kinywa chake. Kama si yeye, arusi ingoje." Baba alikuwa palepale kitandani. Akaunyanyua mkono wake wa kushoto akajipiga kifuani. "Soda," akasema, na safari ile hata baba mdogo alielewa. Alitaka kumuoza mwanawe mwenyewe.

Nilijua ni muhali, ila kulikuwa na jambo moja lililonitia tamaa. Mtu akianza kumsomea Alhamdu, baba aliifuata. Neno kwa neno, mpaka amina, bila kukwama. Ikiisha, arudi kwenye soda. Nikafikiri kwamba maneno ya kuozesha nayo ameyasema au kuyafundisha umri wake wote, basi huenda yamo humo humo, yangoja kuanzishiwa.

Basi kila alasiri nikawa bwana arusi. Nakaa mbele yake, nauchukua ule mkono wake uliokufa nautia katika wangu, kwa kuwa walii anayeozesha na mwoaji hushikana mikono, na baba hakukubali kutumia wa kushoto. "Sema, baba. Nimekuozesha." Alifumba macho. "Nime," alisema. "Nimeku." Kisha mdomo ukimtetema, soda. Tulirudia mpaka jasho likamtoka. Siku moja lilitoka zima, "Nimekuozesha," wazi kabisa, sauti yake ile ile ya darasani. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, akaangusha sinia. Nikamhimiza baba, binti yangu, sema binti yangu. Akajikaza. "Nimekuozesha soda."

Tulicheka sote watatu, naye baba akicheka kuliko sisi, hata kicheko kikamgeuka kikawa kilio asichoweza kukizuia. Baada ya siku ile hakulisema tena.

Siku ya arusi, kabla ya kwenda msikitini, baba ilimpasa aingie ndani kumuomba bibi arusi idhini. Hiyo ndiyo desturi yetu. Hata mimi nilipoolewa aliingia, akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa maneno mazuri yaliyopangika kama nampa ruhusa aniozeshe kwa bwana fulani. Mwari hutakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza kwake ndio kukubali. Nikanyamaza. Ndoa yangu haikudumu, nilirudi nyumbani na sanduku langu, wala baba hakuniuliza neno. Sasa nilimshika mkono nikamwingiza chumbani, akiburura mguu kwenye mkeka. Mdogo wangu alikuwa ameketi amefunikwa, hina imemkolea mikononi. Baba akakaa, akavuta pumzi. Nilimwona akitafuta yale maneno yake yote, akiyaona na asiyafikie.

"Soda?" akamuuliza.

Mdogo wangu angeweza kunyamaza. Alifunua uso wake akamtazama. "Ndiyo, baba," akasema. "Nakupa idhini. Niozeshe."

Walimchukua. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kusikiliza spika za msikiti, na mtaa mzima ukisikiliza pamoja nasi. Hutuba ikasomwa. Kisha imamu, kwa sauti ya chini iliyonaswa na maikrofoni, "Mwalimu, sema pamoja nami. Nimekuozesha." Tukasikia pumzi ya baba kwenye spika, pana na nzito. Mdogo wangu alikuwa amenishika kifundo cha mkono. "Nime," akasema baba. Nikajikuta nami natamka, midomo yangu yaenda peke yake, ku, ku, sema ku, baba. "Nime." Halafu, "Soda."

Imamu akaanzisha tena, na tena. Neno likatoka lile lile, likapaa juu ya mapaa yetu. Katika nyumba ya pili mtoto akacheka, akazibwa mdomo. Mwishowe imamu akauliza, "Mwalimu, wamuwakilisha nduguyo akuozeshee?" Hapakusikika kitu kwa muda mrefu, nadhani alikuwa akitikisa kichwa kukataa, kisha akakubali. Sauti iliyofuata ilikuwa ya baba mdogo, imenyooka, haina kosa. Bwana arusi akaitika kuwa amekubali. Nje vigelegele vikapigwa. Chumbani mwetu hakuna aliyepiga.

Walimrudisha baba amekumbatiwa bega na nduguye. Uani soda zilikuwa zimejaa kwenye mabeseni ya barafu, watu wakigawiwa. Aliletwa chumbani, akakaa pale pale alipokaa mwanzo, uso chini. "Soda," alisema, pole pole sana. Hiyo sikuwa nimewahi kuisikia, lakini haikunipiga chenga. Alikuwa akiomba radhi.

Mdogo wangu aliuchukua mkono wake uliokufa akautia katika mikono yake yenye hina. "Baba," akamwambia, "baba mdogo ametamka tu. Aliyeniuliza ni wewe. Na niliyemjibu ni wewe. Nimeozwa na wewe humu ndani, hao wa msikitini wamesikia baadaye."

Baba alimtazama. Akalaza kichwa chake begani mwake, na vazi la arusi likalowa. Sikuwatenganisha. Bwana arusi alingojeshwa mlangoni, na alingoja bila kugonga.

Mdogo wangu akahamia Ukunda kwa mumewe. Nikabaki na baba. Hakuishi sana. Alikwenda Ijumaa asubuhi, nimeshamuosha na kumvisha kanzu kwa ajili ya sala, na neno lake la mwisho ni hilo hilo mlijualo. Sikuweza kujua safari ile alikuwa akitaka nini. Nilimpa maji, nikamgeuza ubavu, nikamfungulia dirisha, na katika yote hayo hakuna alilolikubali kwa macho. Mpaka leo nalirudia kichwani kwa namna alivyolivuta, nikitafuta.

Sasa nyumba imetulia, kama nilivyokuwa nikiomba zamani wakati mikono i kwenye unga. Juzi nilikuwa jikoni naloweka kunde. Dukani kwa jirani mtu mzima, mwanamume, aliagiza kwa sauti nzito, "Soda." Nikafuta mikono kwenye kanga, nikatoka mbio mpaka mlangoni mwa chumba cha baba. "Labeka, baba," nikasema. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.